Usile, Dada

Mgahawa wa pizza ulikuwa umejaa pomoni. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imefika, maofisi ya mtaa ule yametapika watu wake wote, na kila mmoja alitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Sahani ziligongana, simu zililia, na kutoka kwenye tanuri la matofali nyuma ya kaunta lilikuja joto lenye harufu ya jibini na nyanya, harufu ya kumkumbusha njaa hata aliyeshiba.

Kwenye meza ndogo ya dirishani alikaa fundi wa miwani wa duka la jirani. Alivaa blauzi ya zambarau, sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa, na miwani ya fremu nyekundu ambayo bila yake asingeweza kumtofautisha mhudumu na nguzo. Alikuwa na njaa, na alikuwa na wasiwasi. Daktari alishamwambia waziwazi kwamba utumbo wake na ngano ni paka na panya. Ikiingia hata chembe, tumbo linavimba, linakata, na kesho yake hana nguvu ya kushika bisibisi.

Lakini ugonjwa ulikuwa nusu tu ya taabu yake. Nusu ya pili ilikuwa watu. Aliwahi kuwa na mchumba, na mama wa mchumba akasema yale maumivu ni madeko ya mtoto wa mjini. Mchumba akaitikia kama mwangwi, na uchumba ukafia hapo. Tangu siku ile fundi hakutafuta mwanamume mwenye gari wala mwenye kifua kipana. Alitafuta mtu mmoja ambaye akiambiwa tumbo linauma, ataamini.

"Menyu yenu inasema mna pizza isiyo na ngano," alimwambia mhudumu.

"Ipo, dada."

"Mnaiandaa wapi? Kwenye meza ileile ya hizi nyingine?"

Mhudumu akatazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa kule. "Dada, pizza ni pizza. Kama mkate wa chini unakusumbua, kula vya juu, vya chini uache."

"Kaka, sijauliza namna ya kula."

"Sasa nikuletee au nisikuletee? Wenzako wanasubiri."

Msimamizi alisikia, akaja na tai yake iliyomkaba na tabasamu la kazini. "Mama, ondoa hofu. Hiyo ya kwako tunatia ngano kidogo sana."

"Mnatia?"

"Kidogo. Haijawahi kuua mtu hapa."

Mwenye akili angenyanyuka akaondoka. Lakini fundi alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na njaa haina adabu. Alisubiri. Pizza ikaja, imechomekwa bendera ndogo ya karatasi ya kijani kwenye kijiti cha kuchokolea meno. Bendera ya kijani, mhudumu alieleza kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, maana yake haina ngano. Fundi akainua kipande, akakitazama juu, akakitazama chini, akafumba macho.

Mkono ukakishika kile kipande kabla hakijafika mdomoni.

"Usile, dada."

Alipofumbua macho aliona mwanamume mrefu mwenye aproni, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Hata nyusi zilikuwa nyeupe.

"Hii si yako," alisema. "Yako bado iko tanurini. Bendera ilianguka sakafuni, mwenzangu akaiokota, akaichomeka kwenye pizza iliyokuwa karibu."

"Si zinafanana," mhudumu alijitetea.

"Kwa macho. Tumboni hazifanani."

Msimamizi akaja mbio. "Wewe, nani kakutuma kwa wateja? Rudi kwenye tanuri lako."

"Narudi, bosi." Lakini hakurudi. Alikuwa anamtazama fundi wa miwani. "Samahani kwa kukupokonya chakula. Nimekuona unavyokiangalia. Mtu mwenye njaa haangalii chakula kama anaangalia nyoka. Nikajua hapa kuna sababu."

Fundi alipigwa na butwaa. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kujua kabla ya kuelezwa, na akielezwa akaelewa. Machozi yalimlenga, na lenzi zikapata ukungu.

"Miwani yako haioni kitu," mpishi alisema, na bila kuomba ruhusa akamvua taratibu, akaifuta kwa pindo la aproni, akamrudishia puani. "Haya, sasa unaniona?"

"Nakuona," fundi alisema, na moyo wake ukaruka.

Alirudi dukani na njaa yake. Mchana kutwa alikaa anawaza, na alipowaza alifanya kama alivyofanya tangu utotoni: alivua miwani, akauma ncha ya mkono wa miwani hiyo. Hakuwa amekula chochote mgahawani. Kwa hiyo tumbo lilipomkata jioni ile alichanganyikiwa kweli.

* * *

Mapenzi yalianza kwa simu. Mpishi alikuja dukani kesho yake kuuliza kama amepona njaa, akaondoka na namba, na jioni hiyohiyo akapiga.

"Haloo, Miwani."

"Nani huyo ananiita Miwani?"

"Yule wa tanuri."

"Basi jina lako Tanuri. Umekula?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Uongo huo unauokea wapi?"

"Unaiva wenyewe, mpenzi. Mimi nageuza tu."

Akacheka mpaka shangazi yake, aliyekuwa anaishi naye, akaja kusimama mlangoni na mkono kiunoni. Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila kila neno lilikuwa na meno. "Mapenzi ni kikohozi," alisema, "hayafichiki."

Tanuri alikuwa mkarimu wa moyo. Alasiri mgahawa ulipofungwa kupisha maandalizi ya jioni, aliosha meza kwa maji ya moto, akatoa sufuria yake mwenyewe aliyoinunua mpya, akakanda unga wa mchele alioutoa nyumbani, akamwokea Miwani pizza ndogo yenye mboga na jibini la kuvutika. Miwani alikula akiwa amekaa kwenye kaunta, miguu inaning'inia kama ya mtoto, viatu vyake vya njano vikigonga mbao. Hakuwa amewahi kula chakula cha mtu kwa amani namna ile. Tanuri alimtazama akila, na alipomaliza akamvua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akamvika. Ulikuwa mchezo wao. Wengine hushikana mikono.

Kesho yake Miwani hakuweza kunyanyuka kitandani.

Hakumwambia. Aliogopa. Atamwambiaje mtu aliyeosha meza kwa maji ya moto kwamba chakula chake kimemwangusha? Akarudi tena, akala tena, akaugua tena. Siku nyingine alipata nafuu, siku nyingine hakupata. Na jambo likazidi kuchanganya, kwa sababu tumbo lilikuwa na habari mbili. Akimwona Tanuri linacheza. Akiachana naye linakata. Ilifika mahali akashindwa kujua lipi ni la mapenzi na lipi ni la ngano.

"Shangazi, wewe ulipompenda mjomba, tumbo lilikuuma?"

"Liliniuma alipoanza kukoroma," shangazi alisema. "Mapenzi hukosesha usingizi, mwanangu. Kumkimbiza mtu chooni, hiyo ni habari nyingine. Huyo bwana ana hakika na unga wake?"

Swali hilo likamwingia. Je, kama Tanuri anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Kama ule unga wa mchele umechanganywa, ushikane vizuri? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na aliendelea kuwaza. Mwishowe akakata shauri apime. Alimwambia Tanuri kwamba amechoka na moshi wa mgahawani, wakutane kwenye bustani ya manispaa. Alibeba viazi vyake mwenyewe, alivyovichemsha mwenyewe, kwenye bakuli alilolifunika mwenyewe. Tanuri alikuja mbio kutoka kazini na aproni kiunoni, akakaa naye kwenye benchi chini ya taa iliyovunjika. Hakumpa chochote. Walizungumza, walitaniana, wakanyamaza, na kabla ya kuagana akamfuta miwani kama kawaida.

"Miwani yako inachafuka haraka kuliko sahani zetu."

"Inakutazama sana, ndiyo maana."

Kesho yake tumbo lilivimba kama ngoma.

Hapo Miwani akawa hana mbele wala nyuma. Alimpigia simu, akamweleza yote, tangu pizza ya kwanza ya mchele mpaka viazi vya bustanini.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipima," Tanuri alisema.

"Nilikuwa sielewi."

"Uliniona mimi ni mtu wa kukutilia ngano."

"Sijasema hivyo. Nimesema naumwa."

"Lakini viazi ulipika wewe. Siku ile kwangu hukula hata punje." Sauti yake ilikuwa na uchungu, na uchungu haupimi maneno. "Mimi sijui, Miwani. Labda ni mawazo tu."

Labda angetukana ingekuwa afadhali. Miwani aliuona uso wa mama wa mchumba wa zamani, akamwona mhudumu akitazama dari, akamwona msimamizi na ngano yake kidogo sana.

"Na wewe pia," alisema.

"Miwani, subiri."

Alikata simu. Akaifuta namba, akaifuta picha, akajifunika shuka mpaka kichwani, na shangazi alipoleta uji alimwambia hajisikii kula.

* * *

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hukauka. Wiki zilipita. Mwili wa Miwani ulipona vizuri, mashavu yakarudi, sketi ikaanza kumbana. Tumbo lilitulia kabisa. Na huko kupona ndiko kulikomvuruga zaidi, kwa sababu hakuweza kukubishia.

"Basi jibu unalo," shangazi alisema. "Ngano yako ni yule bwana mwenyewe. Wako watu hawapatani damu."

Miwani alitaka kulia, maana moyo wake haukuwa umepona hata kidogo. Alimpenda yule mwanamume kufa kuoza, na dukani kila mteja mrefu alipoingia aliinua shingo.

Siku moja mkono wa kulia wa miwani yake ukaanza kukaza, haukunji vizuri. Wateja walikuwa wachache. Alivaa miwani ya akiba, akawasha taa ya mezani, akafungua kiskurubu cha bawaba kwa bisibisi ndogo, akatazama kwa kioo cha kukuza. Ndani ya bawaba kulikuwa na kitu cheupe kimegandamana. Vumbi, aliwaza. Lakini vumbi la mtaa ule lilikuwa jekundu, naye alikuwa akilisafisha kwenye miwani za watu kila siku ya Mungu. Akadondosha tone la maji. Kile cheupe kikalainika. Akakigusa kwa ncha ya sindano, kikavutika.

Mtu yeyote aliyewahi kukanda unga anakijua kitu hicho.

Miwani akaigeuza fremu taratibu. Kwenye ncha ya mkono, pale sikioni, alama za meno yake zilikuwa zimejipanga, kazi ya kuuma kwa miaka. Na kila kishimo cha jino kilikuwa kimejaa unga.

Aliona pindo la aproni. Aliona mikono iliyooshwa vizuri ikimvua miwani kwa upendo, ikiifuta kwa kitambaa kilicholala kwenye ngano kuanzia asubuhi. Kisha akajiona yeye mwenyewe, amekaa dukani, anamuwaza Tanuri, anauma. Kadiri alivyomuwaza ndivyo alivyouma, na kadiri alivyouma ndivyo alivyougua. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Yeye alikuwa na macho manne na hakutazama.

Akacheka peke yake pale mezani, akalia, akacheka tena, na mteja aliyekuwa anachagua fremu akairudisha polepole kwenye rafu akatoka.

Namba alishaifuta, kwa hiyo alikwenda mgahawani. Nyuma ya kaunta mtu mwingine alikuwa anageuza pizza. Ule mstari wa pizza isiyo na ngano kwenye menyu ulikuwa umefunikwa kwa utepe mweusi.

"Yule wa tanuri yuko wapi?"

Msimamizi alikunja uso. "Nimempumzisha. Alikuwa anafukuza wateja. Kila akiulizwa habari ya pizza isiyo na ngano anatoka kaunta, anawaambia wasile, hapa unga uko hewani, uko mezani, uko kwenye nguo, mtu akisema anaumwa mwaminini. Mbele ya watu. Mama mmoja aliondoka na familia nzima."

"Alianza lini?"

"Tangu wewe uache kuja."

Miwani aligeuka kutoka. Mhudumu, yuleyule wa kutazama dari, akamfuata mpaka mlangoni na kumnong'oneza namba ya Tanuri. "Siku hizi na mimi nikiulizwa nasema ukweli, dada," aliongeza.

"Unasemaje?"

"Nasema sijui."

Alipiga simu akiwa hapohapo barabarani, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Umenifuta?"

"Wewe ndiye uliyenifuta. Mimi nataka tu nisikie unavyojitaja."

"Miwani."

Akasikia anapumua. "Hujambo, Miwani?"

"Tanuri, ulikuwa ukinifuta miwani kwa kitu gani?"

"Kwa pindo la aproni. Kwa nini?"

"Na aproni yako ina nini?"

"Ee Mola wangu," Tanuri alisema. "Na wewe unaiuma."

"Naiuma."

"Nilikuwa nakulisha kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na mimi nakula bila kushiba. Kosa la wawili hilo."

"Si hilo. Nilisema ni mawazo."

"Ulisema."

"Nisamehe."

"Njoo unieleze hapa," Miwani alisema. "Msamaha wa kwenye simu siutaki."

* * *

Alikuja kesho yake kabla ya mchana. Miwani karibu asimtambue, kwa sababu mwanamume aliyeingia dukani alivaa shati la buluu lililopigwa pasi, kucha zimekatwa, ananukia sabuni tupu. Na nyusi zake zilikuwa nyeusi. Katika mapenzi yao yote hakuwahi kuziona nyeusi.

"Nimekuja kupimwa macho," alisema.

"Kaa hapo. Ziba jicho moja, soma herufi zile."

"Sioni herufi."

"Unaona nini?"

"Namwona mtu niliyemkosea."

"Hilo halimo kwenye ubao," Miwani alisema, lakini tabasamu lilishamponyoka.

Tanuri akashusha mkono. Hakutania tena. "Miwani, kiwanda cha mikate kimeniita. Naanza kazi wiki ijayo. Ni ngano juu ya ngano. Mimi sijui kazi nyingine, na sitaki kukudanganya kama menyu yetu. Nguo za kazi zitalala kazini. Nitaoga kabla ya kugonga mlango. Vyombo vyako sitavigusa mpaka uniruhusu. Pamoja na hayo ninaweza kukosea siku moja, nikakuumiza. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja. Ukiniambia unaumwa, nitaamini kwanza. Sababu tutaitafuta baadaye, wote wawili."

Lenzi zilikuwa zimepata ukungu tena, na duka zima limekuwa rangi tupu.

"Nataka kukuoa," ile rangi ya buluu ilisema. "Ukikataa nitaelewa. Nitanunua miwani ya jua, niondoke."

Alisikia karatasi ya plastiki ikichanwa. Tanuri alikuwa amechukua kitambaa cha kufutia lenzi kwenye rafu ya kaunta, kipya, ndani ya pakiti yake, na alikifungua mbele ya macho yake ili aone. Akanyoosha kiganja, akangoja. Safari hii hakumvua. Miwani akaivua mwenyewe, akampa. Tanuri akaifuta lenzi moja, akaifuta ya pili, akafuta na mikono yote miwili ya miwani mpaka kwenye ncha, kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga, halafu akailaza mezani akarudi nyuma hatua moja.

Miwani akaishika. Alikuwa na jambo kubwa la kufikiri, na kila alipokuwa na jambo la kufikiri alifanya vilevile. Akainua ncha ya mkono wa miwani kuelekea mdomoni.

"Usi..." Tanuri alisema, na mkono wake ukaruka juu kama siku ile ya kwanza.

Miwani alimtazama, ingawa bila miwani Tanuri alikuwa ukungu mrefu wa buluu tu. Kisha akaiuma, akatulia nayo kati ya meno, na akatikisa kichwa kukubali.